Prosesa ya efekti au pedali moja moja: kipi cha kupanda nacho jukwaani Lubumbashi

Mpiga gitaa anayetafuta efekti (vifaa vya kubadilisha sauti ya gitaa) za kupiga nazo mbele ya watu huanza kwa kuuliza ipi ina sauti nzuri. Ni swali la haki, lakini hapa Lubumbashi mimi hulitanguliza jingine: jeki yako ya mwisho, yaani waya wa kutolea sauti, inaingia wapi? Katika makanisa mengi ya Katuba, Kenya na Ruashi, komini za hapa mjini, na katika sale (kumbi) nyingi za harusi, ampli ya gitaa hutaikuta. Utakuta meza ya sauti, bafle (spika) mbili mbele, pengine moja ya kujisikilizia, na fundi wa sauti anayekunyoshea waya: "Yaya (kaka mkubwa), chomeka hapa." Kitakachopita kwenye waya huo ndicho ukumbi mzima utakachosikia.

Nalinganisha njia mbili ambazo wapiga gitaa hubishana juu yake kila siku: prosesa ya kidijitali, yaani ubao mmoja wenye efekti zote ndani, na pedali moja moja zilizopangwa mstari. Ampli yenye efekti zake na simu nitazigusa tu, kwa kuwa hazina mengi.

Prosesa si kitu kipya. Boss ilitoa ME-5 mwaka 1988, na mwaka 1998 Line 6 ikatoa POD, kile kifaa chekundu kilichowazoesha wengi kurekodi bila ampli. Za leo nazigawa ngazi tatu. Chini kuna mashine kama Zoom G1X Four: efekti 5 kwa wakati mmoja, nafasi 50 za kuhifadhi sauti zako, kanyagio la kusukuma kwa wayo, betri 4 za AA. Huko zinakouzwa mpya ni dola 100 na kidogo, kabla ya usafiri na ushuru. Katikati kuna Boss ME-80 ya mwaka 2014 na mdogo wake ME-90 wa mwaka 2023, zenye vinobu vya kila efekti juu ya ubao na nafasi ya betri za AA. Hizo ni dola 300 na zaidi. Juu kuna kama HX Stomp ya Line 6, iliyotoka 2018, ya dola 600 na zaidi. Hiyo haina nafasi ya betri kabisa, na inataka adapta yake ya volti 9 yenye ampea 3, ambayo huwezi kuiazima kwa mwenzako mwenye pedali za kawaida.

Upande wa pili piga hesabu mwenyewe. Mtu wa rumba na nyimbo za sifa za kanisani anahitaji walau kompresa (ya kusawazisha nguvu za noti), korasi (ya kuipa sauti mng'ao wa maji maji), dilei (ya kurudia noti kama mwangwi) na ovadraivu nyepesi (ya kuikwaruza sauti). Pedali moja ya dilei ya kampuni inayojulikana yaweza kufika dola 150 peke yake. Ongeza jeki fupi za kuziunganisha, adapta yenye matundu mengi, na ubao wa kuzibebea, utakuta umeshapita bei ya mashine ya katikati. Anayesema pedali ni njia ya maskini anasema kweli ikiwa tu anaishia kwenye pedali moja au mbili.

Ukichomeka moja kwa moja kwenye meza ya sauti

Hapa ndipo prosesa inapojitenga na pedali, na sababu zake ni za kifundi kabisa.

Ya kwanza ni mlango. Mikro (sumaku za chini ya nyuzi) za gitaa la kawaida la umeme, lile lisilo na betri ndani, zinahitaji mlango wenye ukinzani mkubwa, wa ohm 1,000,000 hivi. Mlango wa kawaida wa meza ya sauti una ohm 10,000 hivi. Ukichomeka gitaa tupu pale, sauti inafifia na ule mng'ao wa juu unapotea. Fundi anapandisha treble mpaka mwisho, na bado gitaa linasikika kama limefunikwa. Prosesa yoyote inaondoa tatizo hilo. Pedali nyingi nazo zinaliondoa, hasa za Boss, kwa sababu hata zikiwa zimezimwa zinaendelea kuisukuma sauti ndani yake, mradi zina umeme.

Ya pili ni kubwa zaidi. Bafle ya ampli ya gitaa haitoi sauti zote. Juu ya hezi 5,000 hivi inashuka haraka sana, na kushuka huko ndiko kunakoifanya ovadraivu iwe tamu. Bafle za ukumbi zinapanda mpaka juu kabisa, hezi 15,000 na zaidi. Kwa hiyo ukichukua pedali nzuri ya ovadraivu, hata mfano wa ile Tube Screamer ya Ibanez iliyoanza mwaka 1979, ukaichomeka kwenye meza ya sauti bila kitu kingine, unachopata ni mlio wa nyuki ndani ya kopo. Pedali haina kosa lolote. Imekosa bafle yake. Prosesa inaiga bafle hiyo kwa hesabu zake, kwa hiyo ovadraivu inatoka ikiwa imeshasafishwa.

Kuna sharti moja ambalo wengi hulisahau. Uigaji huo wa bafle uwashe ukiingia kwenye meza ya sauti, na uuzime ukiingia mbele ya ampli halisi. Ukiuacha umewaka mbele ya ampli, sauti inachujwa mara mbili na gitaa linazama. Mashine nyingine huuweka kwenye tundu la hedifoni na kurekodi peke yake, nyingine humwachia mwenyewe auchague kwenye menyu. Lijue la kwako kabla ya siku ya shughuli.

Kwa gitaa safi tofauti hii inapungua sana. Mpiga sebene (ile sehemu ya haraka ya kucheza ndani ya rumba) asiyetumia ovadraivu kabisa anaweza kupita na korasi na dilei tu hadi kwenye meza, na sauti ikawa nzuri, yenye kung'aa, hata pengine nzuri kuliko kupitia ampli chovu iliyosahaulika kwenye kona ya sale.

Urefu wa waya pia uangalie. Kutoka kwenye prosesa au pedali yako mpaka meza ya sauti iliyo nyuma ya ukumbi, jeki ya kawaida ikizidi mita 6 hivi inaanza kuokota kelele za taa na nyaya za umeme. Mwombe fundi kile kiboksi cha D.I., kinachogeuza jeki kuwa waya wa XLR, ule wa maikrofoni. Wewe mwenyewe ukiwa nacho kwenye begi, ni bora zaidi.

Sebene, sifa, na mkono wa Katanga

Korasi ilizaliwa ndani ya ampli. Roland walitoa JC-120 mwaka 1975, na mwaka uliofuata Boss wakatoa CE-1 kwa kuitoa sakiti ile ndani ya ampli na kuitia kwenye sanduku la kukanyaga. Mng'ao ule wa maji maji ndio masikio yetu yanautarajia kwenye gitaa la solo. Ukiuweka kwenye pedali au kwenye prosesa ya ngazi ya katikati, na sauti ikatoka kwenye bafle za ukumbi huku ngoma zinapigwa, mimi nikifumba macho sizitofautishi. Atakayekwambia kwamba rumba inadai pedali ya zamani, mwombe akuoneshe hivyo ndani ya harusi, si chumbani.

Kwenye dilei prosesa iko mbele kidogo. Muda wa dilei unaupata kwa kugawanya 60,000 kwa mapigo ya dakika moja: sebene ya mapigo 120 inakupa milisekunde 500 kwa pigo zima, 250 kwa nusu yake. Lakini sebene haikai pale ilipoanzia. Atalaku (mhamasishaji wa wachezaji) akipandisha watu, mpiga ngoma naye anapanda, na dilei iliyowekwa kwa namba inaanza kukwaruzana na shekere. Prosesa nyingi zinakuruhusu kugonga swichi kwa mguu kufuata mwendo, na muda unajirekebisha. Pedali za dilei zenye uwezo huo zipo, ila ndizo za bei ya juu. Kwa solo ya haraka ninaweka marudio moja au mawili, tena kwa chini sana, ya kuipa noti mwili tu. Anayepiga mi-solo (gitaa la katikati) angeizima kabisa: kazi yake ni mzunguko unaosikika noti kwa noti kati ya solo na akompanima (gitaa la kusindikiza), na dilei inaufuta.

Ovadraivu ni habari nyingine. Mbele ya ampli nzuri ya taa (vali za vioo), pedali inajibu vidole kwa namna ambayo mashine za bei ya chini hazijaifikia: unapunguza nguvu ya mkono, sauti inasafika yenyewe, unakaza, inang'ata. Hapo pedali inashinda. Kama unapiga bluzi au roki na una ampli yako mwenyewe, acha kusoma habari za prosesa ndogo.

Jambo moja linatuhusu sisi wa huku zaidi ya wengine. Katanga ina mkono wake wa gitaa, ule wa kidole gumba na cha shahada ambao Mwenda wa Bayeke aliupiga mbele ya Hugh Tracey, mkusanyaji wa rekodi za muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Bado wapo vijana wanaopiga hivyo, hata kwenye gitaa la umeme. Mkono huo unaishi kwa tofauti ya nguvu: gumba linatembea chini taratibu, shahada inaruka juu. Sauti nyingi za kiwandani ndani ya prosesa zimewekewa kompresa nzito na kizuia-kelele kikali. Kompresa inasawazisha gumba na shahada mpaka zinafanana. Kizuia-kelele kinakata mkia wa noti za gumba kabla hazijaisha. Kijana anafikiri mashine ni mbovu au mkono wake umeharibika. Zima kizuia-kelele, shusha kompresa hadi robo, kisha sikiliza tena. Kwenye pedali hatari hiyo ni ndogo, kwa sababu hakuna mtu wa kiwandani aliyekupangia chochote.

Na lile la kwamba dijitali inachelewa? Prosesa ya sakafuni huchukua milisekunde chache tu, 2 au 3 kwa mashine nzuri. Sauti hewani inachukua karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Aliyesimama mita 3 kutoka kwenye ampli yake anasikia kwa kuchelewa kuliko aliyeinamia bafle yake ya kujisikilizia akiwa na prosesa.

Umeme

Saa mbili usiku, maharusi wamesimama kucheza, umeme unaondoka. Mtu anakimbilia jenereta nyuma ya ukumbi, inakohoa, inashika, taa zinarudi kwa wekundu kwanza, kisha nyeupe. Atalaku ameshaanza kuimba bila maikrofoni ili watu wasikae. Meza ya sauti inawaka. Pedali nazo zinawaka papo hapo. Prosesa kubwa inaonesha jina la kampuni, inapakia programu yake, na wewe umesimama na gitaa mkononi huku besi imeshaingia.

Betri hazikusaidii kupiga gizani, maana bafle nazo zimezima. Zinakusaidia kwamba umeme ukirudi wewe tayari umo. Zina faida nyingine ambayo naiona kubwa zaidi: mashine inayoendeshwa na betri haina adapta inayoiunganisha na jenereta, kwa hiyo mngurumo mwingi unaotokana na nyaya za ukumbi unakatika. Hii ndiyo sababu naiweka ngazi ya chini na ya katikati, zenye betri, juu ya mashine ghali isiyo nazo, kwa mtu anayepiga kila wiki mahali tofauti. Jaribu nyumbani kwanza: tia betri, unganisha adapta, piga, kisha ichomoe adapta katikati ya noti. Kama mashine inajizima na kuanza upya, siku ya shughuli tumia betri tangu mwanzo.

Pedali zina tabia yake hapa. Zile zinazopokea betri ya volti 9 huwa zimetengenezwa hivi: plagi ya adapta ikiwa ndani ya tundu, betri imekatwa. Umeme ukiondoka betri haichukui nafasi mpaka uichomoe plagi kwa mkono. Tena pedali isiyo na umeme, kama ni ya aina ya Boss, haipitishi sauti hata ikiwa imezimwa. Katika mstari wa pedali tano, moja iliyokosa umeme inaunyamazisha mstari mzima, na wewe unapiga magoti jukwaani kuitafuta.

Adapta ichague kwa makini. Ile iliyoandikwa volti 100 hadi 240 inavumilia umeme unapodondoka mpaka 160 jioni, wakati kila mtaa unapika. Adapta nzito ya zamani yenye transfoma ya 220 haivumilii. Sauti inaanza kukwaruza au mashine inajizima. Na angalia ncha: pedali na prosesa nyingi ni volti 9, hasi katikati. Kinanda cha Yamaha cha kanisani aghalabu ni volti 12, chanya katikati, na plagi yake inaweza kuingia vizuri tu kwenye pedali yako. Usiazime adapta ya kinanda.

Mguu jukwaani

Prosesa inakupa wimbo mzima kwa kukanyaga mara moja. Pedali zinakutaka ucheze juu ya tatu kwa pamoja unapotoka kwenye ubeti kuingia sebene. Hiyo ni faida ya kweli, lakini ina kasoro yake: mashine nyingi, hasa za bei ya chini, zinapohama kutoka sauti moja kwenda nyingine, panakuwa na kijitundu cha kimya na mkia wa dilei unakatika. Kwenye wimbo wa kuabudu hutakisikia. Kwenye mlango wa sebene kinasikika na watu wote. Dawa ni kutengeneza sauti moja, kisha ndani yake kuwasha na kuzima dilei au ovadraivu peke yake, kama pedali.

Sauti zako usizitengeneze kwa hedifoni kisha ukaziamini. Watafiti Fletcher na Munson walionesha mwaka 1933 kwamba sikio linasikia besi na treble tofauti kadiri sauti inavyokuwa kubwa. Kile kilichokuwa kimejaa vizuri saa tano usiku chumbani kinakuwa besi tupu na miluzi ukumbini. Nenda kanisani siku ya mazoezi mapema, omba bafle ziwashwe kwa nguvu ya ibada, na hapo ndipo urekebishe: punguza besi, punguza rivabu (mwangwi wa chumba) kwa nusu, na usawazishe nguvu za sauti zako zote ili fundi asikukimbize na kitelezi chake. Tumia tundu lililoandikwa L/MONO. Sale nyingi zinapiga mono (sauti moja kwa bafle zote), na ukipeleka upande mmoja tu wa stereo, dilei inayoruka kushoto na kulia itapoteza nusu ya marudio yake.

Kwa fundi wa zamani asiyependa menyu, mashine yenye vinobu vya nje kama ME-80 ni rahisi kama pedali. Mkono unashuka, unazungusha, unarudi kwenye nyuzi. Ile yenye skrini ndogo na kurasa inataka uandae kila kitu nyumbani.

Vumbi, safari na fundi

Kuanzia Mei mpaka Septemba vumbi jekundu linaingia kila mahali. Swichi za miguu na vinobu ndivyo vinavyoanza kulalamika. Pedali ikiharibika, mafundi wetu wa redio wanaweza kubadilisha tundu, swichi, hata kapasita. Bodi ya prosesa yenye vijiprosesa vya kubandikwa haina fundi wa karibu. Ikifa, imekufa na sauti zako zote, kwa hiyo zihifadhi kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Kwa safari ni kinyume: prosesa inaingia kwenye begi la mgongoni na unapanda teksi-basi au pikipiki bila wasiwasi, ubao wa pedali unataka kiti chake.

Simu yenye programu ya gitaa ni nzuri kwa mazoezi. Jukwaani hapana: simu nyingi za Android zinachelewesha sauti hadi mkono unaona, Bluetooth ni mbaya zaidi, na mtu akipiga simu ukumbi unamsikia. Ampli yenye efekti ndani inafaa kwa baa ndogo isiyo na meza ya sauti, ikiwa una wa kukubebea.

Kwa kijana wa kundi la sifa anayezunguka makanisa, ningenunua mashine ndogo yenye betri, na fedha iliyobaki ningeiweka kwenye D.I. na jeki nzuri. Anayepiga harusi kila Jumamosi na kubadilisha rumba, zouk na nyimbo za Kizungu usiku mmoja, ME-80 iliyotumika ni chaguo langu bila kusita. Mwenye ampli yake na sauti mbili tu maishani, anunue pedali zake mbili, nzuri, aishi nazo miaka.

Ukinunua iliyotumika, nenda na gitaa lako. Kanyaga kila swichi mara nyingi ukisikiliza kama inashika mara mbili au inakataa. Zungusha kila kinobu polepole. Tikisa jeki ndani ya matundu ya kuingilia na kutokea. Fungua mlango wa betri uangalie kutu ya kijani kwenye sahani zake. Halafu mwombe muuzaji adapta ya asili. Kama hana, bei ya adapta mpya itoke kwenye bei ya mashine kabla hujatoa dola zako.